Rimoti haifanyi kazi? Ichunguze kwa kamera ya simu kabla ya kununua nyingine

Taarifa ya habari inakaribia kuanza. Unabonyeza rimoti, king'amuzi kimya. Unaigonga kiganjani, unazungusha betri, bado kimya. Wengi wetu huishia kununua rimoti mpya, na anayeishi mbali na mjini hulipia na nauli juu yake. Lakini huenda kilichoharibika ni kitu kidogo ambacho fundi redio wa kijijini anaweza kukibadilisha. Simu yako inaweza kukusaidia kujua.

Mwanga tusiouona

Mbele ya rimoti kuna kitaa kidogo cha LED. Hutoa mwanga wa infraredi, ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Mwanga huu uligunduliwa mwaka 1800 nchini Uingereza na mwanaastronomia William Herschel. Aligawa mwanga wa jua katika rangi zake kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana hapana mwanga. Joto likapanda.

Ukibonyeza kitufe, kitaa hicho huwaka na kuzimika kwa kasi kubwa, katika rimoti nyingi takribani mara 38,000 kwa sekunde. Kila kitufe kina mpangilio wake wa kuwaka, na king'amuzi huusoma mpangilio huo na kuelewa umeagiza nini.

Jinsi ya kupima

Fungua kamera ya simu, elekeza kitaa cha rimoti kwenye lenzi, kisha bonyeza kitufe ukiwa unatazama skrini. Kitaa kikiwa kizima, utaona mwanga mweupe au wa zambarau ukimetameta. Fanya hivyo mahali penye giza kidogo.

Baadhi ya kamera huzuia mwanga huu, hasa kamera ya nyuma ya simu. Kwa hiyo anza na rimoti unayojua ni nzima. Usipouona mwanga wake, jaribu kamera ya mbele au simu nyingine.

Ulichokiona kinamaanisha nini?

Mwanga ukionekana, kitaa ni kizima. Angalia kama king'amuzi kimefunikwa na kitambaa, vumbi au stika, au kama jua linakipiga moja kwa moja.

Mwanga ukionekana kwa vitufe vingine tu, mpira wa vitufe umechakaa au umeingia uchafu. Fungua rimoti, safisha ubao wake kwa pamba yenye spiriti kidogo, uache ukauke.

Mwanga usipoonekana kabisa, anza na betri mpya. Kisha kagua springi za betri, kwa sababu betri zilizovuja huziotesha kutu. Zikwangue hadi zing'ae. Bado hakuna kitu? Huenda miguu ya kitaa imeachia kwenye ubao baada ya rimoti kuanguka, kipande kingine cha ndani kimevunjika, au kitaa chenyewe kimeungua.

Kumbuka pia kwamba rimoti za baadhi ya televisheni mpya hutumia Bluetooth. Hizo zinaweza zisionyeshe mwanga ingawa ni nzima.

Kubadilisha kitaa

Kitaa kinaweza kutolewa kwenye rimoti kuukuu. Kipime kwanza kwa kamera kabla ya kukitoa. Lazima kiwe cha infraredi, kwa maana LED nyekundu ya kawaida itawaka na utaiona, lakini king'amuzi hakitaielewa.

Kitaa kina upande chanya na hasi. Kikiwa kipya, mguu mrefu ni chanya. Miguu ikiwa imekatwa, tafuta ubapa kwenye ukingo wake, ambao kwa kawaida huonyesha upande hasi. Kikigeuzwa hakitawaka. Anayeunga kwa risasi asikalishe moto zaidi ya sekunde tatu hivi kwenye mguu mmoja. Wala usikijaribu kwa kukiunga moja kwa moja kwenye betri ya sola bila rezista, kwani kitaungua papo hapo.

Hata kwenye gemu

Ujuzi huu unafaa pia kwa wenye gemu ya Nintendo Wii, iliyotoka mwaka 2006. Ule upau unaowekwa karibu na televisheni huitwa kihisio, lakini hauhisi chochote. Una vitaa vya infraredi katika ncha zake mbili, na kamera inayovitazama iko ndani ya rimoti ya mchezaji. Ndiyo maana mishumaa miwili iliyowashwa inaweza kushika nafasi ya upau huo, kwa kuwa moto nao hutoa infraredi. Upande mmoja ukizimika, alama kwenye skrini huanza kuyumba. Kamera ya simu itakuonyesha ni upande upi.

Ukienda kwa fundi, mweleze ulichokiona kwenye simu. Hutamlipa kutafuta tatizo ambalo umeshalipata.