Amwuguzaye Mgonjwa Naye Ajuliwe Hali

Wahenga wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii nimeitia mara nyingi katika mashairi yangu, lakini maana yake sikuijua mpaka mama yetu alipopatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia na ulimi ukawa mzito.

Sisi ni ndugu watano, wanaume wanne na mwanamke mmoja. Hapakuwa na kikao wala shauri. Mzigo ulimwendea dada kama maji yafuatavyo mtelemko. Sisi wanaume tukawa watu wa kuja baada ya sala ya alasiri. Tukisoma Yasini kando ya kitanda, tukiacha shilingi mia mbili mia mbili chini ya mto, kisha tukienda zetu barazani. Watu wakatusifu kuwa tu watoto wema.

Siku moja dada alishikwa na homa kali, ikanibidi nilale pale. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya muda wa saa mbili, la sivyo ngozi huchubuka mgongoni, nyongani na visiginoni, akaingia vidonda vya kulalia. Bibi wa jirani alikuja kumwosha na kumbadili nguo, maana yako mambo yasiyompasa mwana wa kiume. Uji nilimnywesha kwa kijiko, nimemkalisha wima asije akapaliwa. Ilipoadhiniwa alfajiri, kiuno hakikunyooka. Huo ulikuwa usiku mmoja tu. Dada alikuwa katika kazi hiyo mwaka wa tatu.

Nikamwendea, nikamwuliza, "Dada, wewe hujambo?" Akaangua kilio. Akanambia, "Kaka yangu, kila apitaye mlango huu huuliza mama yu hali gani. Tangu aanguke, ni wewe wa kwanza kuniuliza mimi."

Wallahi niliona haya. Chuoni tulifunzwa maana ya aya ya 23 ya Sura ya Al-Israa, iwakatazayo watoto hata kuwagunia wazazi waliofikia uzee. Amri hiyo haikuteremshiwa mabinti peke yao. Nayo Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee walioandikishwa, waliotimu miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini fungu hilo ni la mzee. Fungu la amwuguzaye litoke kwetu.

Basi tumepanga zamu za usiku, kila ndugu na siku yake. Fedha tulizokuwa tukiziacha chini ya mto sasa twazichanga, twamlipa mama mmoja wa mtaani aje kumwosha mgonjwa kila asubuhi. Muuguzi wa zahanati alitufunza kumwinua kwa kukunja magoti, tusivunjike migongo. Na kila Alhamisi dada huvaa buibui lake akaenda kwa shoga zake, asiulizwe atarudi saa ngapi.

Msomaji mpenzi, ukienda kumtazama mgonjwa, usiondoke kabla hujapita jikoni. Mwulize umwonaye huko kama amelala usiku, na kama hakulala, ulizia zamu yako.