Je, wajua pedi ya breki imetengenezwa ili ilike?

Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya kutosha kuchemsha karibu lita mbili za maji ya bomba. Ukikanyaga breki mpaka lisimame, karibu nishati yote hiyo hugeuka joto, na joto huzaliwa pale pedi zinapobana diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ndiyo maana dereva mzoefu anayeteremka Kitonga, mkoani Iringa, huingiza gia nzito ili injini izuie gari, breki zisiungue.

Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba na zilipiga kelele mno. Diski zilipata heshima mwaka 1953, Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans ikiwa nazo.

Pedi ya leo ni bamba la chuma lililobandikwa mchanganyiko wa nyuzi, unga wa metali, madini na gundi ngumu. Ikiwa mpya, mchanganyiko huo una unene wa milimita 10 hivi. Ukibaki milimita 3, badilisha. Pedi nyingi zina kiulimi cha chuma ambacho hugusa diski zinapokaribia kwisha, kikalia kwa sauti kali. Ukiipuuza sauti hiyo, bamba litaichimba diski, nayo ni ghali kuliko pedi.

Kazi ya kubadilisha unaweza kuifanya nyumbani, nami naona kila mwenye gari angepaswa kuijaribu, akiwa na mtu anayeijua kando yake mara ya kwanza. Egesha sakafu tambarare, weka vizuizi kwenye tairi zitakazobaki chini, legeza nati kabla ya kuinua gari, kisha likalishe juu ya stendi. Jeki peke yake huweza kuteleza. Toa tairi, fungua bolti ya kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi, uining'inize kalipa hiyo kwa waya ili isivute mpira wa breki, halafu toa pedi. Vumbi usilipulize, lipanguse kwa kitambaa kibichi, kwa maana pedi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani.

Sasa tazama ndani ya kalipa pistoni inayosukuma pedi, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Imezungukwa na mpira mmoja wenye kingo za mraba. Ukikanyaga breki, pistoni husogea mbele na mpira hujipinda kuifuata. Ukiachia, mpira hujinyoosha na kuirudisha nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita, diski ikazunguka huru. Hapo hapana springi yoyote. Kadiri pedi inavyolika, pistoni huteleza na kukaa mbele zaidi, na mafuta kwenye chupa ya breki hushuka. Kwa hiyo mafuta yakipungua polepole, kagua pedi kabla ya kuongeza. Aliyejaza chupa pedi zikiwa zimelika atayaona yakifurika siku ya kurudisha pistoni kwa klempu, nayo huharibu rangi ya gari. Pistoni za nyuma kwenye magari mengi hurudi kwa kuzungushwa, usizilazimishe.

Badilisha pande zote mbili za ekseli, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Ukishafunga kila kitu na kukaza nati, kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuliondoa gari, mpaka iwe ngumu. Pistoni ziko mbali na pedi wakati huo, na kukanyaga kwa kwanza huzama hadi sakafuni bila kushika chochote.

Kisha tafuta barabara tupu, upunguze mwendo taratibu kutoka kilomita 50 hadi 10, mara kadhaa, ukiziacha breki zipoe katikati. Joto hubandika utando mwembamba wa pedi juu ya diski, na utando huo ndio unaoifanya breki ishike sawasawa. Kabla haujakamilika, gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, basi mwachie nafasi aliye mbele yako.