Fahamu: Asidi amino kwenye damu na ugonjwa wa Alzheimer

Mama aliyepika chai maisha yake yote anasimama jikoni, birika mkononi, hajui kinachofuata. Familia nyingi husema ni uzee tu. Si uzee, ni ugonjwa, na huenda ni Alzheimer.

Watafiti wa Framingham, Marekani, waliwafuatilia watu 1,092 ambao akili zao zilikuwa timamu. Mwaka 2002 walieleza kuwa wenye homosisteini nyingi kwenye damu, zaidi ya mikromoli 14 kwa lita, walikuwa na hatari ya kupata Alzheimer karibu mara mbili ya wengine.

Homosisteini ni asidi amino ambayo mwili huitengeneza unapotumia protini. Kuipunguza kunahitaji foleti, vitamini B6 na B12; zikikosekana, inarundikana.

Huko Oxford, Uingereza, mwaka 2010, wazee walioanza kusahau walipewa vitamini hizo kwa miaka 2. Kasi ya kusinyaa kwa ubongo wao ilipungua kwa takriban asilimia 30. Inatia moyo, lakini katika utafiti mwingine, kwa waliokwisha kuugua Alzheimer, vidonge vya vitamini hizo havikuzuia akili kudhoofika.

Basi usikimbilie duka la dawa. Kama mzazi wako anatumia metformin, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, au hali kabisa nyama, samaki wala mayai, mwombe daktari ampime B12, kwani huenda imepungua mwilini.