Youngtown: Mtaa wa Wazee Uliobadilishwa na Kijana Mmoja

Ukikosana na mathe, unajua pa kwenda. Unabeba kibegi, unapanda mat, unashuka kwa shosh ushago. Chai iko, kitanda kiko, na hakuna atakayekuuliza unarudi lini.

Sasa chukulia kanjo inabisha mlangoni na kumwambia shosh: huyu mjukuu atoke, ama ulipe faini kwa kila siku anayolala hapa. Noma, si ndio? Ilitokea Youngtown, mji mdogo kwenye jangwa la Arizona, Marekani.

Jina lisikuchanganye. Ni "mji wa vijana" lakini ulijengewa wazee. Mwaka wa 1954 jamaa anaitwa Ben Schleifer, mhamiaji aliyefika Arizona akisumbuliwa na pumu, alinunua shamba karibu na Phoenix akaanza kujenga keja ndogo za bei poa. Hakupenda vile wazee walifungiwa kwenye nyumba za kutunzia, wanapangiwa hadi saa za kulala. Alitaka mtu astaafu akiwa na keja yake, majirani wa rika lake, na ajisikie kijana. Jangwani ploti ilikuwa rahisi na baridi hakuna. Watoto? Hapana. Bila watoto hauhitaji shule, na bila shule hakuna ushuru wa shule. Kwa mzee wa pensheni, hiyo ni chapaa.

Idea ilishika. Shida ni kwamba Del Webb, tajiri wa mjengo, aliiona pia. Tarehe 1 Januari 1960 alifungua Sun City hapo kando tu, na gofu na dimbwi la kuogelea juu. Watu karibu 100,000 walikuja kuangalia wikendi hiyo ya kwanza. Miaka miwili baadaye, sura ya Webb ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Schleifer, aliyeanza mambo, wachache wanamjua. Wenye pesa ndio husifiwa, hiyo si mpya kwako.

Youngtown ikabaki kijimji kimya mpaka miaka ya 90, wakati kijana mmoja alitoroka matatizo kwao akahamia kwa guka na shosh wake. Wakaomba aruhusiwe kukaa. Mji ukakataa, ukatishia faini. Familia haikunyamaza, kesi ikafika ofisi ya mwanasheria mkuu wa Arizona. Kukaguliwa, mji haukuweza kuonyesha kwamba hiyo sheria ya umri iliwekwa kihalali. Yaani miaka yote hiyo walikuwa wanafukuza watoto bila makaratasi!

Mwaka wa 1998 sheria ikatupwa. Familia changa zikaingia, kwa sababu keja bado zilikuwa za bei nafuu, na sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu 7,000, watoto wakiwemo.

Ukivuka tu hapo Sun City, mambo ni yale yale ya zamani: kila nyumba lazima iwe na mtu wa miaka 55 kwenda juu, na mjukuu anakuja kusalimia, halafu anarudi kwao.