MPICHI UKICHANUA, JE, TUPANDE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nyuma ya darasa letu la Qur'ani upo mpichi mmoja mzee. Kila mwaka baridi inapokaribia kumalizika, mwezi wa Agosti, ukungu ungali unashuka asubuhi na watoto wangali wanakuja kusoma wamejitanda mashuka juu ya masweta, mti ule uliokuwa mkavu kama kuni huanza kutoa maua ya rangi ya waridi kabla haujatoa hata jani moja. Basi wazazi wanaowaleta watoto husimama pale wakasema, "Alhamdulillah, baridi inaondoka." Na wengine huongeza, "Tutengeneze mashamba, mvua iko njiani."

Mwaka mmoja sisi walimu tuliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Mpichi ulichanua, mijakaranda ya barabarani ikafuata kwa maua yake ya zambarau, na mwezi wa Oktoba ikanyesha mvua kubwa alasiri moja hadi uwanja ukajaa madimbwi. Tukachukua mbegu ya maharage, kilo kumi zilizonunuliwa kwa michango ya wazazi, tukapanda shamba lote la madrasa kwa siku mbili. Maharage yakaota vizuri sana. Kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo, na ile miche ikakauka mmoja mmoja mbele ya macho ya watoto walioipanda. Mzee mmoja jirani yetu, Mwiraqw aliyelima hapa Dongobesh tangu ujana wake, alipita akatutazama akasema, "Mwalimu, mti ulikuambia baridi imekwisha. Nani alikuambia mvua imefika?"

Swali lile lilituuma, kwa sababu kilo kumi za mbegu ni amana ya watu. Na ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Dalili tunaziona wote. Lakini kila dalili inasema nini hasa?

Tuanze na huo mpichi. Mpichi ni mti wa nchi za baridi, nchi zenye majira manne, ambako baada ya miezi ya theluji huja majira ya machipuko. Mti huo una kawaida ya kulala wakati wa baridi, na haufungui macho yake mpaka uwe umepata saa nyingi za ubaridi, kisha joto lianze kupanda. Ndiyo maana hauzai vizuri kule pwani hata ukimwagiliwa maji kila siku, bali huzaa katika nyanda za juu kama Mbulu na Lushoto. Kwa hiyo unapochanua hapa kwetu unatoa habari mbili tu, kwamba baridi imetosha na kwamba joto limeanza kurudi. Habari za mvua mpichi hauna.

Migunga na mibuyu ya huko chini, upande wa Yaeda na Ziwa Eyasi, ni shahidi wa namna nyingine. Miti hii mara nyingi hutoa majani mabichi wakati ardhi ingali vumbi tupu, kabla ya tone la kwanza. Watu husema imenusa mvua. Ilivyo ni kwamba mbuyu umeweka maji ndani ya shina lake, na mgunga una mizizi iendayo chini sana, hivyo huweza kuanza mapema kwa akiba iliyopo, kwa kufuata mabadiliko ya joto na ya mwanga wa mchana. Mkulima anayeutazama mbuyu atajua kuwa majira yanageuka. Lakini akumbuke kuwa mbuyu una ghala la maji, na haragwe halina.

Ndege nao wana habari zao. Mbayuwayu wengi tunaowaona kuanzia Septemba na Oktoba wakipita chini chini juu ya malisho, na korongo weupe wanaofika baadaye kidogo, wametoka Ulaya. Wamekimbia baridi inayoanza kule. Kuja kwao huangukia karibu na mvua zetu kwa sababu jua lililowaacha wao ndilo linalotujia sisi, na mvua ikinyesha wadudu huwa wengi nao hupata chakula.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chanzo chenyewe, nacho ni safari ya jua. Watoto wetu wa darasa la fiqhi wanalijua jambo hili bila kujua kwamba wanalijua, kwa sababu kila siku wanafundishwa kupima kivuli ili kuijua Adhuhuri na Alasiri. Tusimike kijiti kilichonyooka uwanjani. Mwezi wa Juni, wakati wa zawali, jua liko upande wa kaskazini, na kivuli huangukia kusini, yaani nyuma ya mgongo wa mwenye kusali, maana kibla chetu hapa ni kaskazini, kimeelekea mashariki kidogo. Urefu wa kivuli hicho ni kama nusu ya kijiti. Siku zinavyopita kinafupika, na katika siku za mwanzo za Oktoba, karibu na saa sita na nusu mchana, kivuli kinatoweka kabisa, kwa kuwa jua liko juu ya utosi. Baada ya hapo kinageuka upande wa kibla, na kufikia Desemba kimekuwa kama theluthi ya kijiti. Jua hurudi tena utosini mwezi wa Machi.

Pale jua linapokuwa juu ya utosi ardhi hupata joto kali, hewa hupanda, na pepo zenye unyevu huvutwa kuja kujaza nafasi. Ule ukanda wa mvua unaozunguka dunia hulifuata jua, lakini huchelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mvua ya Oktoba ya alasiri moja, kama ile iliyotudanganya, aghalabu ni ya kutangulia tu. Wengi wa wakulima wetu wa mahindi hungoja Novemba na Desemba. (Wenye vitunguu swaumu vya kumwagilia tuwaache, wao wana kalenda yao.)

Huenda mwanafunzi akauliza, kwa nini tusifuate kalenda yetu ya Kiislamu, na miezi miwili imeitwa Rabii, ambalo ni jina la majira ya machipuko? Ni swali zuri. Majina ya miezi ya Kiarabu yana alama za majira ndani yake. Jumada yanatokana na kuganda na kukauka, na Ramadhani na joto liunguzalo. Lakini mwaka wa Hijria ni wa mwezi mwandamo, una siku 354 au 355, ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua. Waarabu wa zamani walikuwa wakiisogeza miezi, na Qur'ani ikakataza katika Suratut Tawba, aya ya 36 na 37. Tangu hapo ibada zetu huzunguka majira yote. Mwaka 2015 tulifunga Ramadhani kwenye baridi ya Juni, na mwaka 2025 tulifunga mwezi wa Machi. Kila baada ya miaka kama 33 mzunguko hutimia. Tajiri wa kusini na maskini wa kaskazini wote huonja siku ndefu na fupi, za joto na za baridi. Saumu basi tunaifuata kwa mwezi, na jembe kwa jua.

Wazee wa pwani walilijua hili. Walihesabu siku za kilimo na za safari za majahazi kuanzia Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365, kwa mafungu ya siku kumi kumi waliyoyaita miongo. Wa Makunduchi, Unguja, huuadhimisha mpaka leo mwezi wa Julai. Na waliziangalia nyota ziitwazo Kilimia, jina linalotokana na kulima. Hizo ndizo Waarabu wanaziita Thurayya. Hapa kwetu mwezi wa Novemba, baada ya Magharibi, Kilimia huonekana kikichomoza mashariki, na ndio wakati wenyewe wa kupanda.

Je, kuzitazama nyota na miti si ushirikina? Wako wanaouliza hivyo, na tusiwacheke. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.) kwamba kule Hudaybiya, baada ya mvua ya usiku, Mtume (s.a.w.) aliwasalisha Alfajiri kisha akawabainishia kuwa mwenye kuinasibisha mvua na fadhila za Allah ni muumini, na mwenye kusema nyota fulani ndiyo iliyoinyesha ameikufuru neema hiyo. Lakini Imam Shafi amefafanua katika kitabu chake Al-Umm kwamba mwenye kutaja nyota akikusudia wakati tu, kama mtu asemavyo tumenyeshewa mwezi fulani, hana ubaya. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliuliza hadharani ni muda gani umebaki wa Thurayya, wakati watu wakiomba mvua. Mti basi ni saa ya ukutani. Saa haileti Adhuhuri.

Kuna jambo lingine ambalo sisi watu wa Manyara hatuwezi kulipita. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alipoona wingu au upepo mkali uso wake ulibadilika, akahofia, mpaka mvua inyeshe, kwa kuwa watu wa Adi waliliona wingu wakadhani ni mvua ya heri. Tarehe 3 Desemba 2023 maji, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kuwa vuli itakuwa na mvua juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Hatusemi kuwa waliofariki waliadhibiwa, hasha, na anayesema hivyo anasema asilolijua. Tunasema kuwa mpichi ulichanua mwaka ule kama miaka yote, wala haukuwa na la kusema kuhusu mlima.

Kwa hiyo siku hizi shamba la madrasa tunalipanda hivi. Mpichi ukichanua tunalima na kutafuta mbegu, hatupandi. Utabiri wa vuli ukitangazwa redioni tunausikiliza, na bwana shamba tunamuuliza. Mvua ya kwanza ikinyesha tunachimba kwa mkono, na unyevu usipofika shubiri moja tunarudisha majembe. Hata ukifika, tunapanda nusu ya mbegu, nusu inabaki kwenye debe.

Kijiti tumekisimika kando ya mpichi, na daftari liko kwa mwalimu wa zamu. Kila anayekuja Adhuhuri aandike tarehe na urefu wa kivuli kwa vidole. Tunataka tujue mwaka huu kitatoweka siku gani, na mvua ya kufika shubiri itakuja siku ya ngapi baada yake.