Benki ya mbegu imejaa, soko linapungukiwa

Takriban asilimia 80 ya mbegu zinazopandwa na wakulima wa Kenya hazitoki dukani. Hutoka ghalani, kwa jirani au sokoni. Hata hivyo, fedha na hotuba huelekezwa zaidi kwenye pakiti za dukani.

Muuza nafaka mmoja wa Machakos anaijua biashara ya mbegu zisizo za dukani. Mvua ikikaribia, huchambua maharagwe, akatoa yaliyotobolewa na wadudu, na yaliyo safi akayatia gunia la peke yake. Gorogoro la maharagwe ya nyayo au mwitemania ni chakula kwa anayepika na mbegu kwa anayepanda. Bei ndiyo hubadilika. Analalamika kwamba kwa miaka mingi aliuza kama mwizi, kwa kuwa sheria ya mbegu iliyorekebishwa 2012 ilimtishia muuzaji wa mbegu zisizothibitishwa kwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Mahakama ilibatilisha vifungu hivyo mwishoni mwa 2025. Lakini hakuna, asema, aliyemuuliza ni aina zipi alizoacha kuuza kwa woga, na kama bado zipo.

Afisa mmoja wa kilimo haoni hatari ya aina hizo kupotea. Kwa hesabu yake, benki ya mbegu ya taifa ina sampuli zipatazo 50,000, zimekaushwa na kuhifadhiwa katika baridi kali, nakala nyingine zikiwa katika ghala la mbegu la Svalbard, Norway. Hesabu inapendeza, ila sampuli nyingi si lazima ziwe aina nyingi. Tena mbegu hufa hata kwenye baridi: sharti ipimwe uotaji na ipandwe upya, kazi inayotaka bajeti kila mwaka. Kuhusu bajeti, afisa hakuwa na takwimu.

Faida ya kuhifadhi aina mbalimbali za mbegu imeshaonekana. Mahindi chotara ya H611, yaliyotolewa 1964, yalitokana na mahindi ya Kitale na aina iliyoletwa kutoka Ecuador. Ugonjwa wa mnyauko ulioua mahindi ulipogunduliwa Bomet 2011, ukinzani ulisakwa hadi kwenye mbegu za Thailand.

Huenda hukumu hiyo ya mahakama ikafufua soko la wimbi na mtama wa kienyeji. Huenda pia kampuni za mbegu zikaendelea kuliona dogo mno kuwekeza. Kwa sasa, aliyerithi mbegu kwa wazee asiile yote. Apande walau mistari michache msimu huu, amgawie na jirani.