Ndege ya kujiundia nyumbani: ribiti ni rahisi, mihuri ndiyo kazi

Na Mwandishi Wetu, London

Mwaka 2019 picha za fundi mmoja wa Tunduma, mkoani Songwe, akiwa na helikopta aliyoiunda kwa mikono yake zilisambaa kwenye simu za Watanzania walioko nyumbani na ughaibuni. Wako waliompongeza, wako waliocheka, na wako waliolalamika kwamba vijana wetu wana vipaji ila urasimu unawaua. Wachache waliuliza swali lililo gumu kuliko yote: chombo kikishakamilika, nani atakikagua, na ruhusa ya kukirusha itatoka wapi?

Ndugu msomaji, hapa Uingereza mtu kujiundia ndege kwenye banda la nyuma ya nyumba si kioja. Wanaofanya hivyo ni wahandisi, mafundi wa magari, walimu, wastaafu. Wakati wa karantini ya korona, mhandisi mmoja mzaliwa wa Kerala, India, anayeishi Essex, aliagiza vipande vya ndege ya viti vinne kutoka Afrika Kusini. Aliviunganisha kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, na mwaka 2022 akawapakia mkewe na watoto wakatembea Ulaya. Magazeti yaliandika sana juu ya familia na gharama, ambayo ilitajwa kuwa pauni 140,000 hivi. Habari ya makaratasi haikupata nafasi kubwa, na hapo ndipo penye somo kwetu.

Karatasi kabla ya nyundo

Mwenye mamlaka juu ya ndege zote hapa ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza. Lakini mtu wa gereji hakabiliani nayo peke yake. Kati yao kimesimama chama cha wenye ndege ndogo, Light Aircraft Association, kilichoanza mwaka 1946 kwa jina jingine. Serikali imekikabidhi chama hicho kazi kubwa ya kuchunguza ndege za kujiundia. Kina wahandisi wake ofisini, na mikoani kina wakaguzi ambao wengi wao ni wajitoleaji, watu waliokwisha kuunda au kutengeneza ndege wao wenyewe.

Hatua ya kwanza ni kujiandikisha. Kabla ya kutoboa tundu la kwanza unakijulisha chama unataka kuunda ndege ya aina gani. Kama aina hiyo imekwisha kukubaliwa, unapewa namba ya mradi na kutafuta mkaguzi wa karibu nawe. Kama ni ndege uliyoibuni kichwani mwako, jiandae: utatakiwa kuonyesha kwa hesabu na majaribio kwamba mbawa zitabeba mzigo. Hapo safari inaweza kuchukua miaka.

Kuna sharti jingine ambalo Marekani pia wanalo. Zaidi ya nusu ya kazi lazima uifanye wewe mwenyewe, kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Huwezi kumlipa fundi akuundie yote, kisha udai kuwa ni kazi ya mikono yako. Ndiyo maana waundaji hujipiga picha wakiwa kazini, huandika saa walizofanya na hutunza kila risiti.

Jicho la pili

Watu wengi hudhani ukaguzi ni siku moja: afisa anakuja, anazunguka ndege, anagonga muhuri. Hapa Uingereza sivyo. Mkaguzi huja hatua kwa hatua. Kabla ya kulifunga bawa kwa bati la mwisho, lazima aone ndani: ribiti, nyaya, mabomba ya mafuta, fimbo za usukani. Akiridhika anatia saini, nawe unafunga. Ukifunga kabla hajaja, usishangae ukiambiwa ufungue upya, na kufungua bawa lenye mamia ya ribiti si jambo la kucheka.

Ukitaka kubadilisha kitu, tuseme injini nyingine au tangi kubwa zaidi, huamui mwenyewe. Unaandika maombi, wahandisi wa chama wanapima, na wewe unasubiri. Manung'uniko mengi hutokea hapa, kwa sababu mtu amekwisha kununua kifaa na kinakaa sebuleni kikimtazama.

Chombo kikikamilika kinapimwa kwenye mizani ili kujua uzito wake na mahali unapolalia, kwani ndege yenye mkia mzito inaweza kumshinda rubani mara tu inapoacha ardhi. Injini inawashwa na kujaribiwa chini. Wakati huohuo unaisajili ndege ili ipate herufi zake zinazoanzia na G, unakata bima, na kama ina redio unaomba leseni ya redio kwenye mamlaka nyingine kabisa. Leseni ya urubani nayo ni habari mbali: kuunda ndege hakukupi haki ya kuirusha.

Baada ya yote hayo hupewi bado kibali kamili. Unapewa ruhusa ya majaribio tu, na anayerusha ni rubani aliyekubaliwa na chama, bila abiria wa kutalii. Taarifa yake ikiwa nzuri ndipo kibali cha kuruka kinatolewa, nacho kinahitaji kuhuishwa kila mwaka kwa ukaguzi mpya.

Marekani wana njia tofauti. Mkaguzi wa serikali au mwakilishi wake huja ndege ikiwa imekwisha. Kisha kwa kawaida mwenyewe huirusha saa 25 au 40 ndani ya eneo alilopangiwa, kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria. Neno la kuonya kwamba ndege ni ya majaribio huandikwa ubavuni, kila apandaye alione.

Kibali chenye mipaka

Sasa fikiria umefanikiwa na unataka kuirusha mpaka Mombasa au Unguja ukawaonyeshe wazee. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unataka ndege inayovuka mipaka iwe na cheti cha ubora kinachofikia viwango vya kimataifa. Kibali cha ndege ya kujiundia hakifikii hapo. Nchi nyingi za Ulaya hulegeza, kufuatana na pendekezo lao la mwaka 1980, ingawa kila moja ina masharti yake. Ukitoka nje ya hapo, unaomba ridhaa ya nchi moja baada ya nyingine.

Hata hivyo inawezekana. Mwaka huohuo wa helikopta ya Tunduma, vijana wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya viti vinne kutoka vipande vilivyoundwa kwao, na rubani wao wa miaka 17 akaongoza safari ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vyao.

Na sisi je?

Ni kweli urasimu unachosha, na kwetu neno "njoo kesho" limewakatisha wengi tamaa. Lakini tusidanganyane: ndege haina pa kuegesha ikiharibika njiani, na itakapoangukia haichagui. Mkaguzi anayesema "fungua tena" huenda ndiye anayekuokoa.

Tofauti kubwa niliyoiona haimo katika ukali wa sheria, kwani za hapa ni kali kwelikweli. Hapa fundi wa gereji ana mlango wa kubisha tangu siku ya kwanza, na nyuma ya mlango huo kuna mtu anayejua nyundo na anayejua pia fomu. Fundi wa Tunduma angebisha kwa nani? Wahandisi wetu wastaafu wa mashirika ya ndege, walioko nyumbani na huku ughaibuni, wangeweza kuwa mlango huo.

Na wewe kijana unayekusanya mabati usiku huu, kabla hujanunua injini andika barua kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, uombe masharti kwa maandishi. Kuuliza si ujinga, na swali la leo ni rahisi kuliko kubomoa bawa la kesho.